Shairi la Kiti Mbele ya Wakubwa Wawili

Shairi lililonipeleka ofisini kwa komisere halikuwa refu. Msichana wa darasa la sita alilisema lote bila kusita, akainamisha kichwa, akarudi kuketi kwa wenzake. Wazazi walipiga makofi, kama walivyoyapigia mashairi mengine ya siku hiyo. Komisere, aliyekuwa mkuu wa mji wetu na mgeni wetu wa heshima, hakupiga. Alikaa na kofia yake magotini, akimtazama yule msichana, halafu akageuza kichwa polepole akiwatafuta walimu. Nilipoona hivyo nilijua ananitafuta mimi.

Ilikuwa sherehe ya kufunga mwaka wa masomo, Kamina, miaka ya tisini, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti. Mume wangu alikuwa karani wa reli, kama baba yangu kabla yake, na tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, karibu na stesheni kiasi kwamba treni ikichelewa tulijua kabla ya abiria. Shuleni tulifundisha kwa Kifaransa, nyumbani watoto walisema Kiluba, na sokoni kila mtu alisema Kiswahili. Shairi hilo nililitunga kwa Kiswahili kwa sababu nilitaka lieleweke na wote walioketi pale. Likaeleweka.

Sikujifunza kutunga shuleni. Nilijifunza kwa shangazi yangu wa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, ambako baba alinipeleka kila likizo kubwa. Shangazi alikuwa anakausha samaki kwa moshi na kuwauza kwa wafanyabiashara wa Bukama. Lakini watu wa vijiji vile walimjua kwa kazi nyingine. Alikuwa mwimbaji wa kasala, zile tungo ndefu za Kiluba za kuwataja watu na mambo yao, hasa watawala. Chifu akifa aliitwa. Chifu mpya akisimikwa aliitwa pia.

Nilipokuwa mdogo nilidhani kasala ni sifa tu. Nikiwa nageuza samaki juu ya chanja, macho yakiniwasha kwa moshi, nilimsikiliza akifanya mazoezi. Alianza na chifu fulani wa zamani, mitumbwi yake, wake zake, sauti yake iliyovuka maji. Moyo ulinipanda. Halafu sauti ya shangazi ilishuka, akasema kwamba yule aliinuka akaenda, na nafasi yake akaikalia fulani. Akaanza tena na huyo wa pili, na nguvu zake, na ng'ambo alikovuka, mpaka naye akainuka akaenda. Wakafuatana hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikachoka kuwahuzunikia.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asimalizie pale pazuri, chifu akiwa bado na mitumbwi yake. Hakucheka. Alinijibu huku akipanga samaki.

"Mwana wangu, miye nikiishia pale, bantu batazani angali anatawala. Na ule mwenye alimufuata atazani yeye haiko na mwisho."

Kisha akaniambia kwamba siku ya kusimikwa, chifu mpya huwekwa mbele yake kabisa, asikie kila jina, wala hainuki mpaka mwimbaji amalize. Wengine walitokwa jasho. Mmoja, alisema, alilia, na huyo ndiye aliyekuja kuwa mwema kuliko wote.

Nilipokuwa mwalimu kijana, mambo yalikuwa mengine. Wakati wa chama kimoja, kila shule ilikuwa na nyimbo na mashairi ya kumsifu rais, na kila mwalimu aliyejua kushika kalamu alitakiwa kuandika. Nami niliandika kama wengine. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ulichukua kasala ukaikata katikati, ukabakiza mitumbwi na sauti iliyovuka maji, ukaacha habari ya kuinuka na kwenda. Watoto waliimba, wageni waliitikia kwa vichwa, tukarudi nyumbani kula bukari, ugali wetu. Sikufikiri sana juu ya jambo hilo mpaka jirani yangu alipofukuzwa.

Jirani huyo alikuwa mwalimu mwenzangu. Ukuta wa jiko lake ulishikana na wa kwangu. Wazazi wake walikuwa wametoka Kasai zamani kufanya kazi ya reli, naye alizaliwa papa hapa Kamina, akabatizwa hapa, akaolewa hapa na mfanyabiashara wa vitambaa. Alijua Kiluba cha Katanga kuliko mimi. Kisha ukafika mwaka ambao wakubwa wa jimbo walianza kusema hadharani kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Maneno yalianza kwenye redio, yakaingia sokoni, yakafika kwenye milango ya watu. Asubuhi moja nilimkuta anafunga vyombo, mume wake anang'oa mlango wa duka.

Walikaa stesheni wiki nyingi wakisubiri treni, pamoja na maelfu ya wenzao. Watu walilala chini kwenye saruji, kati ya sufuria, vitanda vilivyofunguliwa na vyerehani. Mvua ilinyesha. Watoto waliugua, wengine walizikwa hapo karibu. Kila siku nilimpelekea bukari na sombe ya majani ya mihogo, na mume wangu, kwa kuwa alifanya kazi palepale, aliwapatia nafasi chini ya paa la ghala. Hatukuweza zaidi ya hapo.

Ndipo siku moja akaja mkubwa kutoka Lubumbashi kuzungumza na wale watu. Ilibidi apatiwe kiti, na kiti chenye heshima kilichopatikana karibu kilikuwa cha mkuu wa shule yetu, kiti cha mbao chenye mikono, mgongo wake umechongwa. Wafanyakazi wawili walikibeba vichwani mpaka stesheni. Yule mkubwa akaketi, watu wote wakiwa chini mbele ya viatu vyake, akawaambia kwa muda mrefu kwamba serikali inawapenda na kwamba treni itakuja. Halafu akainuka, akaingia kwenye gari, akaenda. Kiti kikabaki.

Palikuwa na mama mmoja mzee wa Kasai aliyekuwa na homa, hawezi tena kulala juu ya saruji. Jirani yangu alimwinua kwa makwapa, akamkalisha kwenye kile kiti na kumfunika kitambaa. Askari wa stesheni walitazama, hawakumzuia. Jirani yangu alisimama nyuma yake, ameshika mgongo wa kiti, akanitazama na uso uliochoka.

"Ona, dada," akaniambia. "Hii kiti haijue hata nani aliikala kabla ya huyu mama."

Treni ilikuja baada ya siku kadhaa. Tuliagana kwa kushikana mikono kupitia dirisha la behewa, mpaka lilipoanza kusogea. Kwa miezi sikujua kama walifika. Kisha dereva mmoja wa treni akamletea mume wangu habari kwamba wako Mwene-Ditu, kule Kasai, wote wazima, na kwamba jirani yangu amepata darasa la kufundisha. Niliposikia hivyo niliketi chini pale pale mlangoni, nikashukuru kwa sauti, na mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye, akatoka ndani akidhani nimeumia.

Shairi lilikuja polepole, kwa miaka. Nililisema kichwani nikipika, nikalibadilisha nikitembea kwenda shuleni. Lilipokamilika lilikuwa hivi:

*Kiti hakiulizi jina la anayekikalia.*
*Kilimbeba mrefu, magoti yake yakagusa meza.*
*Kilimbeba mnene, kikalalamika, kikanyamaza.*
*Kilimbeba aliyependwa, kikambeba aliyeogopwa.*
*Wote waliinuka.*
*Hakuna aliyeinuka nacho.*

*Nawe unayekalia sasa, tunakusalimu.*
*Kaa vizuri, kaa na moyo mweupe.*
*Mlango ulioingilia ungali wazi,*
*na nje kuna mtu anapangusa vumbi miguuni.*

Nililiona kama kasala fupi, yenye mwisho wake. Sikuwa nimemlenga komisere hata kidogo. Nilipomfundisha yule msichana nilikuwa nawaza stesheni na jirani yangu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ameketi mbele siku ile, kwenye kilekile kiti cha mkuu wa shule kilichorudishwa kutoka stesheni, na shairi lilimpata palepale alipokaa.

Wito ulikuja wiki iliyofuata. Mume wangu alipiga pasi shati lake jeupe kana kwamba ni yeye anayeitwa, akanisindikiza hadi ofisini, wakamzuia mlangoni. Akaketi kwenye ngazi kunisubiri. Wakati ule watu waliitwa mahali kama pale kwa sababu ndogo, na wengine walikaa huko siku nyingi.

Komisere alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alikuwa na karatasi ambamo mtu fulani alikuwa ameliandika vibaya shairi langu, maneno mengine yakiwa yamepinduka. Aliniomba nilisome vizuri. Nikalisoma. Kisha akauliza, bila hasira.

"Madame, hii kiti iko ya nani?"

"Haiko ya muntu moja, Bwana Komisere. Nalitunga vile bashangazi yetu banaimbaka mu kasala."

Aliposikia neno kasala alikunja uso. Alikuwa Mluba kama mimi, wa upande wa mto. Nadhani na yeye alikuwa na shangazi au bibi. Akapindua kalamu vidoleni.

"Na huyu mwenye kupangusa vumbi inje, njo nani?"

Nikamwambia simjui, kwamba huyo ni yeyote atakayekuja baada ya mwingine, hata baada ya watu wawili au watatu. Akaniambia anaelewa, lakini nyakati ni mbaya, kuna watu wa juu wanaosikia mambo kwa masikio mengine, na mtu wake mmoja alikuwa tayari ameandika ripoti. Kisha akasema nitoe ile mistari minne ya mwisho, iliyobaki haina neno.

Ningeweza kukubali. Lakini nilikumbuka jibu la shangazi pale kwenye chanja la samaki, nikamwambia kwa adabu yote niliyokuwa nayo kwamba bila mwisho ule shairi si shairi, ni afadhali lisisemwe kabisa kuliko kulikata. Alikunja ile karatasi. Nadhani hakutarajia kujibiwa, na mimi sikutarajia kujibu.

"Basi njo vizuri," akasema. "Uliache lote."

Akanikataza kulifundisha, akanikataza pia kutayarisha sherehe yoyote ya shule tena. Halafu akaninyooshea mkono kuniaga. Nilipotoka, mume wangu aliinuka kwenye ngazi, akanikagua toka kichwani hadi miguuni. Tulitembea mpaka kona ya kanisa ndipo nikaweza kusema. Nilipomweleza kwamba adhabu yangu ni kutotayarisha sherehe, kazi niliyokuwa nimeichoka miaka mingi, alianza kucheka, nami nikacheka, mpaka mama mmoja aliyekuwa anauza mikate ya mafuta akatuuliza tumepata nini. Tukanunua mikate yake, tukaila tukitembea.

Mwaka uliofuata vita vilikuja. Mwanzoni vilikuwa mbali, mashariki, vitu vya kusikia redioni. Kisha miji ikaanza kutajwa mmoja mmoja, kila mmoja karibu zaidi kuliko wa jana. Askari wa serikali waliokuwa wanakimbia walipita Kamina kwa treni na kwa miguu, wengine wakielekea kwenye kambi ya jeshi nje ya mji. Walikuwa na njaa na hawakuwa na mkubwa. Walichukua baiskeli, redio, mbuzi, magodoro. Shule ilifungwa. Familia nyingi zilikwenda kujificha kwenye mashamba, na yule msichana aliyesema shairi alikwenda na wazazi wake. Sisi tulibaki kwa sababu mama mkwe wangu hakuweza tena kutembea mbali. Mume wangu alificha baiskeli yetu juu ya dari, nasi tulikaa ndani tukisikiliza barabara.

Adhuhuri moja, mtu aligonga mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Si kwa nguvu. Nilichungulia nikamwona mwanamume mwenye koti la suti, hana tai, viatu ameshika mkononi, suruali ina tope hadi magotini. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso.

"Madame, naomba maji."

Alikuwa komisere. Askari waliokuwa wanamlinda walikuwa wamechukua gari lake asubuhi hiyo na kuondoka nalo. Alipita nyuma ya nyumba za watu, akiogopa wale wanaokimbia na pia wale wanaokuja. Akasema amegonga milango mingine, hakufunguliwa. Mume wangu alinitazama, nikamtazama. Kumficha mtu kama yule siku ile kulikuwa na hatari. Lakini tulikuwa tumeshaonana macho kwa macho, na alikuwa na kiu. Nikafungua.

Alikunywa vikombe viwili. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kumwona komisere maishani, alimsukumia kigoda cha jikoni, akamwekea viazi vitamu vya kuchemsha, akamwuliza kwa Kiluba yeye ni mwana wa nani. Alimtajia kijiji cha mama yake. Mama mkwe akafurahi, akamwambia amewahi kufika huko akiwa msichana, na wakaongea habari za mto na za watu waliokwisha kufa, huku akila kama mtu aliyekaa siku mbili bila chakula. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu nimjue. Ulikuwa uso wa mtu wa kawaida.

Mume wangu alimletea shati lake la kazi na suruali ya buluu ya reli. Kisha akapanda darini akateremsha baiskeli yetu. Sikutarajia afanye hivyo, na sikumzuia. Tulimweleza njia ya kupita mashambani bila kufika barabara kubwa. Alipokuwa anafunga kamba za viatu aliniuliza, bila kuinua kichwa, kama bado nalijua lile shairi kwa moyo. Nikasema nalijua.

"Niambie ile sehemu ya mwisho."

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, nimesimama kando ya meko. *Nawe unayekalia sasa, tunakusalimu. Kaa vizuri, kaa na moyo mweupe.* Nilipofika kwenye mlango ulio wazi aliitikia kwa kichwa.

"Siku ile nalisikia sawa vile munanifukuza," akasema. "Kumbe mulikuwa munanisalimia."

Akamuaga mama mkwe wangu kwa kupiga goti, kama mtoto wa kijijini anavyomuaga bibi yake, akasukuma baiskeli kupitia shamba letu la mihogo, akapotea. Mwezi mmoja hivi baadaye, mchuuzi wa samaki kutoka Bukama alituambia amemwona kwenye kijiji cha mama yake, analima, amekonda lakini mzima. Nilipumua. Sikuwa nimempenda yule mtu, lakini sikutaka asikie mlango wa mwisho wa maisha yake ukifungwa usoni kwake, na mlango huo uwe wangu.

Waasi waliingia siku chache baada ya yeye kuondoka. Tulikuwa tumejiandaa kwa risasi, tukalaza magodoro ukutani. Hakukuwa na risasi. Walitembea kwa mistari miwili kando ya barabara, vijana wengi, viatu vya mpira miguuni, wakitusalimia kwa Kiswahili cha mashariki ambacho kwetu kilisikika kama cha vitabu vya kanisani. Watu walitoka nje kidogo kidogo. Kufikia jioni akina mama walikuwa wanawapikia. Wizi ulikoma. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi tuliacha dirisha wazi.

Mkubwa wao alikuwa komanda mwembamba, mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliitisha mkutano wa mji mzima kwenye uwanja wa mpira. Wenyeji waliompokea walitaka kuonyesha kwamba Kamina nayo iliteswa na utawala wa zamani, na mkuu wa shule yetu akamweleza kwamba kuna shairi lililopigwa marufuku na komisere aliyekimbia. Komanda akasema anataka kulisikia, na lisemwe na mwanafunzi yuleyule.

Mkuu wa shule alikuja nyumbani akiwa na furaha. Mimi sikuwa nayo. Nikamwambia msichana yuko mashambani, jambo ambalo lilikuwa kweli, na hata angekuwepo nisingemsimamisha mtoto mbele ya watu wenye bunduki kusema maneno niliyoyatunga mimi. Nitakwenda mwenyewe.

Alipoondoka, mume wangu alifunga mlango. Yeye si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliongea. Alisema shairi lina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ndiyo watu wanayoitaka. Niseme mpaka pale kwenye *hakuna aliyeinuka nacho*, watu watashangilia, komanda atafurahi, nami nitarudi nyumbani. "Ule wa kwanza alikufungia tu sherehe," akaniambia. "Hawa batu ya vita, shiye hatubajue."

Alisema kweli. Nilifua nguo asubuhi nzima nikilifikiria neno lake. Kama nikiishia pale, nilijua kitakachotokea. Shairi lingegeuka kuwa la kumcheka mtu aliyekula viazi jikoni kwangu akiwa amevaa shati la mume wangu, na komanda angeondoka akidhani limemhusu mwingine tu. Ingekuwa ileile kazi ya zamani ya kukata kasala katikati, safari hii kwa mkubwa mpya. Nilipoanika shuka la mwisho nilikuwa nimeshaamua. Sikumwambia mume wangu, lakini aliponiona nimevaa kitenge changu cha kanisani alielewa, akachukua kofia yake.

Uwanja ulijaa. Komanda alikuwa amesimama na maofisa wake, amekataa kukaa. Walinipa kipaza sauti ambacho hakikufanya kazi, nikakirudisha, nikasema kwa sauti ya darasani. Nilipofika kwenye *wote waliinuka* watu walipiga kelele za furaha, akina mama wakapiga vigelegele, mwingine akataja jina la yule rais wa zamani. Ilibidi nisubiri. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na goli, mikono kifuani. Ningeweza kuinama na kushuka wakati ule, na hakuna ambaye angejua kwamba kimebaki kitu.

Nikamgeukia komanda, kwa sababu mistari ile husemwa ukimtazama mtu, nikaendelea.

Kelele zilikufa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, na bendera ya waasi ikipigwa na upepo. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Ofisa mmoja kijana alimnong'oneza komanda kitu, komanda akamwashiria anyamaze. Akanisogelea.

"Mama, rudia huo mwisho."

Nikarudia, mistari yote minne, polepole, kwa kuwa sikuwa na namna nyingine. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akatazama chini, akainua mguu wake mmoja kidogo. Kiatu cha mpira kilikuwa chekundu kwa vumbi la njia zote alizopita kutoka mashariki.

"Huyo anayepangusa vumbi ndiye mimi," akasema, akageukia watu. "Sina kiti hapa. Mimi nimepita, nakwenda mbele. Atakayekuja kukaa baada yangu, mwimbieni na yeye, asikie."

Halafu akacheka, kicheko kifupi kama cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Watu wakacheka naye, kwanza wa mbele, kisha uwanja mzima. Mkuu wa shule, aliyekuwa amebadilika rangi, alianza kupiga makofi kuliko wote. Sikumbuki nilivyoteremka. Nakumbuka mume wangu amenishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani tangu tuoane, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Komanda aliondoka Kamina na watu wake kama alivyosema. Baada yake walikuja wengine, na mwaka uliofuata vita vingine, na wakubwa wapya wa pande mbalimbali ambao majina yao sikuwahi kuyazoea. Nchi ilibadilishwa jina, bendera ikabadilishwa, picha za ofisini zikashushwa na kutundikwa nyingine. Baadhi ya hao wakubwa walisalimiwa kwa shairi la kiti, kwa maana watu walikuwa wameshalijua na watoto walilisema njiani. Hakuna tena aliyeniita ofisini kwa sababu yake. Labda walikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuogopa, au labda mtu anayesalimiwa vizuri haoni sababu ya kufunga mtu.

Shule ilifunguliwa tena wiki chache baada ya mkutano ule. Askari walikuwa wamelala darasani kwangu, ukuta ukiwa mweusi kwa moshi wa meko yao. Walimu tulisugua sakafu kwa majivu na maji, mume wangu akaja na rangi nyeupe iliyobaki stesheni, tukapaka tulipoweza. Madawati mengi yalikuwa yamechomwa kuni, kwa hiyo tuliomba kila mtoto aje na kigoda au mkeka.

Asubuhi ya kwanza walifika mmoja mmoja, wamekonda, wengine wamerefuka, wakichungulia mlangoni kabla ya kuingia. Mtoto mmoja aliniuliza kama kweli tunasoma au tunasajiliwa tu. Nikamwambia tunasoma. Akaketi. Nilitafuta chaki nikapata kipande, nikaandika ubaoni hesabu ya kugawanya, nikawapa kisogo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka waanze mwaka wakidhani kuna habari mbaya. Nilipogeuka, walikuwa wameinama wote wanahesabu.